Kisiwa salama ni uongo, muulizeni Profesa Xavier

Wadau, leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa vitabu vya katuni. Asiyependa mambo haya anaweza kuruka, ila namshauri asiruke, maana mwishoni tutafika nyumbani.

Ubishi ni huu. Nina washkaji Dar, watu wazima wenye digrii zao, wanaoapa kwamba Krakoa, ile nchi ya X-Men, ilianguka kwa sababu adui alikuwa na nguvu kupita kiasi. Roboti Nimrod hashindiki, wanasema. Shirika la Orchis lilikuwa na pesa, sayansi na serikali nyuma yake. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa.

Mimi nasema hapana. Krakoa haikuvunjiwa mlango. Wenyewe waliuacha wazi, wakaweka ufunguo juu ya kizingiti, halafu wakaalika watu kwenye sherehe. Na ninakasirika kwa sababu hiki kilikuwa kisiwa cha tatu. Watu walewale, viongozi walewale, kosa lilelile mara tatu!

Kwa ambao hawafuatilii: X-Men ni mashujaa walioanza kuchapwa Marekani mwaka 1963, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Ni myutanti, yaani watu waliozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida, na binadamu wengine wanawaogopa na kuwawinda. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa waandishi wanawapa kisiwa cha kukimbilia. Na kila kisiwa kinaitwa salama.

Cha kwanza ni jirani yetu. Genosha iliingia kwenye hadithi mwaka 1988, na waliotunga waliiweka hapa hapa kwenye Bahari ya Hindi, mashariki ya Afrika, upande wa juu wa Madagascar. Mwanzoni ilikuwa nchi ya kitajiri iliyojengwa na watumwa, na kila mtu aliona kwamba inasemwa Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa, ule wa kwenye hadithi, ukaikabidhi kwa Magneto awe mtawala. Myutanti kutoka duniani kote wakahamia huko. Mwaka 2001, katika toleo la 115 la New X-Men lililoandikwa na Grant Morrison, yakaja maroboti ya Sentinel na kuwaua watu milioni 16 kwa siku moja.

Milioni 16! Na ukisoma unajiuliza: king'ora kilikuwa wapi? Mahandaki yalikuwa wapi? Kiongozi ambaye maisha yake yote amehubiri kwamba binadamu watakuja kutumaliza aliwakusanya watu wake wote sehemu moja, halafu hakuweka hata mtu mmoja wa kutazama angani. Nguvu za Magneto ndizo zilizokuwa ulinzi wa nchi nzima. Mtu mmoja. Nchi inayolindwa na mtu mmoja haina ulinzi, ina bahati tu.

Cha pili kinaitwa Utopia, mwaka 2009, karibu na San Francisco. Hapa Cyclops alijitahidi kidogo, alikuwa na doria na mipango. Lakini mwaka 2010 adui alifanya hesabu rahisi. Aliwatafuta kwanza wale wenye kipawa cha kusafirisha wenzao kufumba na kufumbua, akawatoa mmoja mmoja, Nightcrawler akiwemo. Halafu akaufunika mji na kisiwa kwa kuba kubwa lisilopitika. Kisiwa kikageuka chungu chenye mfuniko. Hakuna aliyekuwa amejiuliza swali ambalo hata mwenye nyumba ya kupanga hujiuliza: moto ukianzia mlangoni, tunatokea wapi?

Sasa Krakoa. Ilianza upya mwaka 2019 kwa mkono wa Jonathan Hickman, na nakiri ni hadithi tamu. Kisiwa chenyewe ni kiumbe hai. Kuna malango ya maua yanayokutoa Krakoa mpaka popote duniani kwa hatua moja. Kuna dawa tatu za ajabu wanazoiuzia dunia. Na kubwa kuliko yote, myutanti akifa anafufuliwa, kwa sababu akili za wote zimehifadhiwa kwenye mtambo wa Cerebro. Baraza la Kimya lenye viti 12 linatawala. Mashabiki tulipiga makofi. Tukasema, safari hii wamejifunza.

Wamejifunza nini? Twende moja baada ya jingine.

Kwanza, mlango. Lango la Krakoa humpitisha myutanti na kumzuia binadamu asiye na ruhusa, na kisiwa chenyewe kinatambua nani mwenyeji. Safi. Mwaka huohuo wa 2019, katika toleo la kwanza kabisa la X-Force, wauaji walitua kisiwani wakiwa wameshonewa ngozi ya Domino, mwenzao aliyekuwa ametekwa. Kisiwa kikanusa ngozi, kikasema hawa ni wenyeji. Profesa Xavier, mkuu wa nchi, akapigwa risasi ya kichwa nyumbani kwake. Yaani mlango ulikuwa unatambua ngozi, haumtambui mtu.

Washkaji wakasema ah, hiyo ni njozi ya watunzi. Njozi? Agosti 9, 1976, kambi ya Nyadzonya nchini Msumbiji ilikuwa imejaa wakimbizi na wapiganaji wa Zimbabwe. Makomando wa Rhodesia, Selous Scouts, wakaja na magari yaliyopakwa rangi za jeshi la Frelimo, wamevaa sare za Frelimo, wakazungumza Kireno getini. Geti likafunguliwa. Wakaua mamia ya watu. Sare ilikuwa ndiyo ngozi ya Domino, miaka 43 kabla ya Domino kuchunwa.

Na kwenye kazi yangu ya habari naona jambo hilo hilo kwa kiwango chake. Nimeshuhudia mtu asiye mwandishi akiazima kizibao cha waandishi na kupita mpaka mbele kabisa kwenye mkutano wa mkubwa mmoja, huku mama wa kijijini mwenye shida yake halisi akizuiwa nje kwa sababu hana kizibao. Mlinzi hakukagua mtu. Alikagua nguo.

Pili, msamaha wa jumla. Krakoa ilifungua milango kwa kila myutanti, hata wale waliotumia maisha yao kuua wenzao. Kusamehe si kosa. Kosa ni kumsamehe mtu leo na kumpa funguo leo hiyohiyo. Mister Sinister, ambaye kila shabiki anajua ni mwizi wa vinasaba, alipewa kiti cha Baraza na akakabidhiwa hazina ya vinasaba vya taifa zima. Huku si kumkabidhi fisi bucha? Fisi akafanya kazi ya fisi. Akapenyeza vinasaba vyake ndani ya waliofufuliwa, viongozi wakiwemo, na Xavier mwenyewe hakupona.

Tatu, siri za wakubwa. Moira alikuwa anaijua Krakoa kuliko mtu yeyote, lakini Xavier na Magneto waliwaficha hata wajumbe wa Baraza kwamba yuko hai. Mtu ambaye hajulikani kwamba yupo hawezi kuchunguzwa na yeyote. Alipogeuka, aliondoka na siri zote, akaenda kusimama upande wa adui. Viongozi walidhani wanamficha adui kumbe walikuwa wanawaficha wananchi.

Nne, na hili ndilo linaloniuma zaidi: ufufuo. Watu wakishajua kwamba kifo si kifo, mlinzi analala. Kwa nini ukeshe, wakati ukiuawa unaamka kesho kwenye yai? Kile walichokiona ngao kubwa kuliko zote ndicho kilichowatoa macho. Sisi watu wa kusini tunalielewa jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1905 babu zetu waliingia Vita vya Maji Maji wakiwa wameambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Ile dawa iliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja, heshima yake iko palepale. Lakini mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani haikuzuia kitu, na njaa iliyofuata ilimaliza watu kuliko risasi. Imani inakusanya watu. Kulinda ni kazi nyingine.

Tano, sherehe. Julai 2023 Krakoa ilifanya tamasha lake la kila mwaka, ikakaribisha dunia nzima, magauni na kamera. Hapo ndipo Orchis iliposhambulia. Timu mpya ya X-Men ikachinjwa ukumbini. Zile dawa tatu zilizokuwa fahari ya nchi zilikuwa zimeshachezewa, na adui akatishia kuwaua binadamu waliozinywa. Xavier akabanwa, akatumia kipawa chake kuwaamuru watu wake wapite kwenye malango, bila kujua yanawapeleka wapi. Umati wa watu ukatembea kwa miguu yake ukapotea. Malango yaliyokuwa njia ya uhuru yakawa mdomo wa mtego, kwa sababu nchi nzima ilikuwa na njia moja tu ya kuingia na kutoka.

Niambieni sasa, hapo Nimrod alihitaji nguvu gani?

Najua mtakalosema. "Kaka, hizi ni katuni, kisiwa lazima kianguke ili hadithi iendelee." Sawa, mchapishaji anataka kuuza matoleo. Lakini angalieni kinachofanyika kichwani mwa msomaji. Kila kisiwa kikianguka tunaambiwa chanzo ni roboti kubwa zaidi. Msomaji anazoea kuamini kwamba maafa ni jambo la kutoka nje na juu, halina mlinzi aliyesinzia, halina mjumbe aliyenunuliwa, halina kiongozi aliyeficha. Hilo ni somo bovu, na mimi nalikataa kwa sababu ninatoka sehemu ambayo kisiwa cha namna hiyo kilikuwepo kweli.

Mimi ni mtu wa Narung'ombe, wilayani Ruangwa. Jirani zetu ni Nachingwea. Vijana wengi wa Dar wanaijua Nachingwea kwa korosho, na waliosoma historia wanaijua kwa ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ukafa vibaya. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1960 mpaka 1975 Nachingwea ilikuwa Krakoa. Hapo palikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya Frelimo, Samora Machel akiwa kamanda, na watu waliokimbia utawala wa Wareno ng'ambo ya Ruvuma walifika hapo wakapumua.

Hawakuwa na malango ya maua. Hawakuwa na mtu wa kuzuia risasi kwa mkono. Walikuwa ndani ya nchi iliyowakubali, yenye jeshi lake, na zaidi ya hapo yenye vijiji vinavyouliza maswali. Miaka hiyohiyo TANU ilikuwa imeanzisha mabalozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala kwako, balozi anajua. Anatoka wapi, kaja kwa nani, anaondoka lini. Wareno walikuwa na ndege, mabomu na wapelelezi wa PIDE, na hawakuwahi kuivamia kambi ile wakaiteka.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba kwetu palikuwa peponi, maana hapo nitakuwa Xavier wa Narung'ombe. Penye tundu walipenya. Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane, rais wa Frelimo, aliuawa Dar es Salaam, huko Oyster Bay, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu na kutumwa kama kifurushi. Mtu anayewindwa na dola nzima, na kifurushi kinamfikia mkononi bila kufunguliwa na mtu mwingine. Mwaka huohuo Lázaro Nkavandame, aliyekuwa kiongozi wa Frelimo wa Cabo Delgado, alijisalimisha kwa Wareno. Angalieni vizuri: kitabu, na mtu wa ndani. Hakuna roboti hapo.

Na haikuwa kwetu tu. Amílcar Cabral alikuwa amehifadhiwa Conakry. Novemba 22, 1970 Wareno waliuvamia mji ule kwa meli, wakamkosa. Januari 20, 1973 akauawa kulekule Conakry na watu wa chama chake mwenyewe. Meli za kivita zilishindwa kazi ambayo mwanachama mwenye bastola aliimaliza kwa usiku mmoja.

Kuna funzo jingine la Nachingwea ambalo hatupendi kulisema, na Krakoa pia imo humo. Baada ya Xavier kupigwa risasi, usalama wa Krakoa ulikabidhiwa X-Force, na ndani yake Beast, yule daktari mpole wa zamani, akaachiwa afanye anavyoona. Hakuna aliyemhoji. Miaka michache baadaye alikuwa amegeuka zimwi, anatenda unyama kwa jina la usalama, anamfanya hata Wolverine silaha isiyojitambua. Sasa rudini Nachingwea, mwaka 1975. Uhuru wa Msumbiji uko mlangoni. Frelimo inawasimamisha hadharani pale kambini watu inaowaita wasaliti: Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama, Nkavandame, Joana Simeão na wengine. Wanasomeshwa maungamo. Baadaye wanapelekwa Msumbiji na kuuawa kwa siri, bila mahakama, na familia zao zinakaa miaka bila kuambiwa ukweli.

Wengine walikuwa wasaliti kweli? Huenda. Ndiyo maana mahakama zipo. Kimbilio likishaanza kumaliza watu wake gizani, adui wa nje anaweza kwenda kulala. Kazi yake inafanywa na mwenye nyumba.

Kwa hiyo hoja yangu kwa washkaji ni fupi. Hakuna mahali salama. Kuna mahali panapolindwa, leo, na watu walio macho, wanaoweza kuulizana maswali. Siku mtakapoanza kusema "hapa kwetu ni salama" kama vile mnasema "hapa kwetu kuna mlima", siku hiyo mlango umeshafunguka.

Na hapa ndipo tunapofika nyumbani. Sisi tumelelewa na wimbo mmoja: Tanzania ni kisiwa cha amani. Kila kiongozi, kila mtangazaji, kila mgeni rasmi. Kisiwa. Cha. Amani. Agosti 7, 1998 bomu likalipuka ubalozi wa Marekani Dar, watu 11 wakafa, tukasema ni ya Wamarekani hayo. Kibiti, viongozi wa vijiji wakauawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 13, 2017 polisi 8 wakauawa kwa mpigo. Tukasema ni kwao Pwani huko. Oktoba 2020 watu wenye silaha wakavuka Ruvuma wakavamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Tukasema ni vita vya Msumbiji. Kila mara ngozi ya Domino inapita, kila mara tunasema ni mwenyeji.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Watu waliuawa, Dar ikawekewa amri ya kutotembea usiku, intaneti ikazimwa. Safari hii hapakuwa na mgeni wa kusingizia aliyevuka mto. Nilisikia watu wazima wakiuliza kwa mshangao, hivi hii ni Tanzania ile ile? Ndiyo, ni ile ile. Kilichokosekana ni lile swali la kila siku: nani analinda, anamlinda nani, na akikosea anamjibu nani?

Mtu akiuliza hivyo Bongo anaambiwa anachezea amani. Mimi nasema kinyume chake. Balozi aliyeuliza "mgeni wako anatoka wapi" alikuwa analinda. Raia anayeuliza "mtu wangu mmempeleka wapi" naye analinda, tena zaidi. Anayechezea amani ni yule anayeimba kisiwa, kisiwa, kisiwa, mpaka mlinzi wa mwisho anasinzia.

Waandishi wa X-Men wameshafunga kurasa za Krakoa, mwaka 2024. Najua kisiwa cha nne kitakuja, na mimi nitakinunua, siwezi kujizuia. Wao wanaweza kufufua watu milioni 16 kwa kalamu na wino. Huku kwetu, ng'ambo hii ya Bahari ya Hindi, mtu akifa amekufa. Sisi hatuna Cerebro.

Nawasilisha.